Jina kwenye Karatasi ya Sambusa

Mimi ni mtu wa hasira, na sijifichi. Nilizaliwa mtaa wa Buyenzi, hapa Burundi, nyuma ya gereji, na baba yangu alinipiga kwa chochote kilichokuwa karibu na mkono wake: kandambili, waya, siku moja mfuniko wa sufuria. Nilipokua nikawa mwalimu, nikapiga watoto wa wenzangu. Kuna binti wa darasa la nane niliyemchapa mbele ya wenzake kwa sababu alikuwa akisinzia, kumbe alikuwa na mimba ya miezi minne. Alipofukuzwa shule sikusema neno. Naandika hili mapema ili mtu asije akanisoma hapa akadhani anasoma habari za mtu mwema.

Nilipoacha ualimu nilipata kazi katika biro moja mjini, ofisi ya shirika dogo linalotoa kijitabu cha afya kwa vijana. Mimba za utotoni, hedhi, magonjwa, huzuni, yale mambo ambayo wazazi wetu waliyafundisha kwa fimbo. Kijitabu kilitoka kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, na cha Kiswahili kilikuwa changu. Mkubwa wetu alikuwa daktari, mwanamume mpole anayevaa tai hata siku ambayo kuku wanakaa kivulini midomo wazi. Aliniita Madamu, nami nikamwita Daktari, na tuligombana karibu kila siku ya kazi.

Sijui kuhariri kwenye kompyuta. Maneno yakiwa kwenye kioo siyaamini. Nilichapisha kila ukurasa, nikaenda nao nyumbani, nikakaa uani na kalamu nyekundu, nikasoma kwa sauti kama mtu anayegombana na mke mwenza. Karatasi zilijaa mpaka chini ya kitanda. Jirani yangu anauza sambusa, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku alikuwa anahangaika kutafuta cha kufungia. Basi tukawa na utaratibu wetu. Kila nilipomaliza toleo niligawa karatasi mafungu mawili. Kurasa za vidonge vya kuongeza damu, za chanjo na usafi, zilikwenda kwake. Kurasa za ushuhuda, zile ambazo wasichana wanasimulia yaliyowapata, niliziwasha kwenye mbabura, jiko langu la makaa, nikangoja mpaka ziwe majivu, ndipo nikaweka maharage juu.

Nilikuwa na sababu ya kuzichoma. Juu ya kila ushuhuda paliandikwa jina halisi la msichana na mtaa anaokaa, ili biro ijue nani amekubali kuhojiwa. Kazi yangu ilikuwa kulipiga jina mstari mwekundu na kuandika pembeni "msichana mmoja". Lakini mstari ni mstari tu. Mwenye macho anasoma jina lililo chini yake bila shida yoyote.

Msichana ninayetaka kumsimulia alikuwa na miaka kumi na sita. Alivuka mpaka kutoka upande wa Uvira wakati wa vita, akafika kwa mama yake mdogo, mtaa wa Kinama. Mama yake mzazi hakuvuka. Hakuwa na mtu mwingine Burundi nzima, wala nyumba nyingine, zaidi ya kile chumba na uzio wa mabati wa mama mdogo. Huyo mama mdogo alikuwa anapika isombe, mboga ya majani ya muhogo, na wali, anapeleka kwa mafundi wa gereji za Buyenzi mchana, na binti alikuwa akimsaidia kubeba sahani.

Nilikwenda mwenyewe kumsikiliza. Alikuwa anatwanga isombe, na muda wote aliozungumza hakuacha kutwanga. Gereji yenye geti la kijani, akasema. Patroni wake, mwenye gereji, alimwambia sahani yake ailete ndani, kwenye stoo ya vipuri. Akafunga mlango.

"Nililia kwa nguvu," akasema. "Akawasha genereta. Huko inje walikuwa wanasikia genereta tu."

Alitwanga, akatwanga. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu na mkono hauandiki.

"Alisema nikiongea, ataniua mbele sijazaa. Mama mudogo njo anajua peke yake. Na sasa we."

Nikamwambia jina lake litaishia mkononi mwangu. Nilisema hivyohivyo, na nikampa ule mkono aushike. Alikuwa katikati ya mwezi wa nane. Kitu pekee alichokuwa akiomba ni kuzaa kwanza, kabla yule mtu hajajua kwamba amesema.

Daktari aliusoma ushuhuda ule siku mbili. Siku ya tatu akanirudishia. Palipokuwa na mlango na genereta, aliandika kwamba binti "alijikuta katika mahusiano ya mapema". Nikamuuliza nani alijikuta. Akasema kwa upole, Madamu, kijitabu hiki kinaingia mashuleni, wakuu wa shule watakikataa, na kikikataliwa hakuna msichana atakayekisoma. Huenda alikuwa na haki. Mimi sikuwa na nafasi ya kusikia haki yake siku ile. Nilichukua bilauri yake ya maji nikaitupa ukutani. Sikumlenga, lakini sikujali sana kumkwepa. Vioo vikamrukia kwenye tai. Nikakusanya karatasi zangu zote, nikatoka.

Nilitembea mpaka Buyenzi rundo likiwa kwapani, nikimjibu Daktari njiani kwa sauti, watu wananipisha. Mlangoni jirani yangu alikuwa anakanda unga.

"Dada, leo uko na karatasi?"

Ningemwambia angoje, nizigawe, ingenichukua robo saa. Nikalibwaga rundo zima mezani kwake, unga ukaruka.

"Chukua zote. Funga sambusa, ndiyo kazi pekee inayozifaa."

Nikaingia ndani nikalala na viatu. Ni hivyo tu. Nimetafuta mara nyingi sababu nyingine ya yaliyofuata na sikuipata.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilikuwa nafua, nikizipiga nguo kwenye jiwe kwa nguvu kuliko uchafu wake ulivyostahili, jirani akarudi kutoka gereji anakouza sambusa zake akiwa na beseni tupu. Saa saba ilikuwa haijafika. Akakaa kwenye ndoo yangu akafuta jasho.

"Dada, karatasi yako leo imechekesha watu, kisha imewanyamazisha."

"Karatasi gani?"

"Pale geti ya kijani. Fundi mumoja alikuwa anakula sambusa, anasoma kwa sauti, wenzake wanacheka. Kumbe kuko jina ya mutoto wa kike, kuko Kinama, kuko na geti ya kijani. Wote wakamwangalia patroni wao. Wallahi hata chuma ilikuwa hailie."

Nguo ilinitoka mkononi.

"Na patroni?"

"Akamunyang'anya ile karatasi, akaikunja, akatia mu mufuko wa shati. Akabeba mukanda wa feni ya gari, akachukua gari ya muteja, akaenda."

"Upande gani?"

"Wa daraja."

Yeye hakujua kusoma, maskini. Kwake ilikuwa habari ya mtaani kama habari nyingine. Nilimsukuma anipishe njia, akaanguka na ile ndoo, na mpaka leo sijamwomba msamaha wa kutosha. Nikampigia simu mama mdogo wa binti. Ikaita, ikaita. Alikuwa kwenye gereji nyingine anakusanya sahani, simu imo ndani ya kikapu. Binti mwenyewe hakuwa na simu.

Ule mwezi mafuta ya magari hayakuwepo. Mabasi yalikuwa yamelala kwenye foleni za vituo, madereva wamelala chini yake. Nikakimbia. Mwanamke wa umri wangu, mnene, kanga moja, nilivuka daraja la Ntahangwa nikikimbia, nikapita Ngagara, kandambili moja ikakatika nikaitupa na ya pili. Nilijitukana kwa lugha zote tatu za kijitabu chetu. Cibitoke nilitapika ukutani kwa mtu, nikajifuta, nikaendelea. Mtu mmoja aliuliza kama nimefiwa. Nilimwambia bado.

Lile gari nililiona kabla ya nyumba. Lilikuwa limeegeshwa vibaya, mlango wazi. Majirani walikuwa wamesimama mbele ya uzio wa mabati, wanawake kwa wanaume, wamefunga mikono. Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Kutoka huko ndani ilikuwa inasikika sauti ya mpira ukitua juu ya mwili, kisha kimya, kisha tena. Binti hakuwa analia. Hilo ndilo lililonitia wazimu.

"Mbona mmesimama?" nikauliza.

Mzee mmoja akasema, "Mama, huyu amezunguka mtaa saa nzima anamuulizia, tunafikiri ni bwana yake. Ni mambo yao."

Nilimzaba kofi. Sijui alikuwa nani. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikalipiga geti kwa bega, halikufunguka, nikalipiga tena, bawaba ya juu ikang'oka, nikaingia pamoja na bati na mkono wangu umechanika.

Alikuwa amejikunja chini kando ya kinu, magoti yamelifunika tumbo, mgongo ameutoa apigwe. Yule mtu alikuwa amesimama juu yake. Mkanda wa feni alikuwa ameukunja mara mbili. Mkono wa kushoto wa binti ulikuwa umelala vibaya, umepinda pasipo na kiungo. Yule mtu alikuwa anamuuliza swali moja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia.

"Ulimwambia nani? Ulimwambia nani?"

Binti hakujibu. Alikuwa ananilinda mimi, nami ndiye niliyemletea yule mtu.

Mchi ulikuwa ndani ya kinu, una majani ya isombe bado. Niliuchukua nikampiga nao begani, nikasikia kitu kikivunjika, nikafurahi. Akageuka akanipiga ngumi ya mdomo. Jino likavunjika, likaingia ulimini. Nikampiga mchi gotini, akaanguka. Nikampiga mgongo. Nikampiga mbavu. Alipoinua mikono nikaipiga mikono. Sitadanganya kwamba nilikuwa namwokoa mtu wakati ule. Binti alikuwa ameshasogea, ameshafika ukutani, hatari ilikuwa imekwisha, nami nilikuwa bado napiga, na kila pigo lilikuwa tamu kuliko lililotangulia. Nilikuwa nampiga yeye, nampiga Daktari, nampiga baba yangu, na zaidi ya wote nilikuwa najipiga mimi mwenyewe kwenye mgongo wa mtu mwingine.

"Mama," binti akasema kutoka ukutani. "Inatosha. Maji inatoka."

Maji ya uzazi yalikuwa yanamtiririka miguuni, yamechanganyika na damu. Hapo ndipo majirani wakaingia, sasa wote majasiri. Wanawake wakamzunguka binti. Wanaume wawili wakamwinua patroni, na kabla hawajamgeuza niliinama kana kwamba namkagua, nikatoa karatasi kwenye mfuko wa shati lake, nikaisukuma ndani ya sidiria yangu. Niliuambia moyo wangu kwamba naficha jina la mtoto. Uongo. Nilikuwa naficha mwandiko wangu.

Tulimpeleka hospitali kwa gari lile lile, jirani mmoja akiendesha. Mkono ulifungwa plasta kuanzia kwapani. Mtoto alizaliwa kabla jua halijazama, wa kike, mwezi mmoja na nusu kabla ya siku zake, na alilia. Wauguzi wakamfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, chini ya kitenge, apate joto. Polisi walikuwa wameshamchukua patroni, na walipokuja kuandika, waliniuliza yule mtu alijuaje. Nikasema sijui. Karatasi ilikuwa inanikwaruza titi.

Mtaa mzima wa Kinama ulinisifu. Mama mdogo wa binti alipiga magoti sakafuni hospitali akaishika miguu yangu, miguu yenye vidonda vya lami, akaibusu. Daktari alikuja na tai yake. Aliutazama mdomo wangu uliovimba, akasema kijitabu kitatoka na mlango na genereta, wakuu wa shule wakikataa wakatae. Wakati mwingine wowote ningeruka kwa furaha. Nilimwambia asante, nikatoka nje kutema damu.

Tatizo ni kwamba binti alikuwa amefikiri. Kitandani mtu hana kazi nyingine. Watu wawili walijua, akajiambia. Mmoja ni yule mama aliyeshika mchi akamwokoa. Mwingine ni mama mdogo, ambaye kila siku anaingia kwenye gereji na sahani, anacheka na mafundi. Basi ni yeye aliyeropoka. Tangu siku ya pili alikataa kumtazama. Hospitali za kwetu chakula kinatoka nyumbani, na mama mdogo alikuwa anatembea kutoka Kinama na bakuli lililofungwa kwenye kitambaa, wali na dagaa tunaowaita ndagala, uji, kila alichoweza. Binti aligeukia ukuta. Alikula mkate aliopewa na mgonjwa wa kitanda cha pili. Muuguzi alimgombeza, maziwa yatatoka wapi usipokula. Mtoto alikuwa ananyonya, anaacha, analia kisauti kidogo, ananyonya tena.

Siku ya nne nilimkuta mama mdogo kwenye korido, bakuli mapajani, chakula kimepoa.

"Anasema akitoka hapa harudie kwangu," akaniambia. "Anasema atarudia Uvira. Na hii katoto. Uvira kwa nani? Dada, mi sikusema kwa mutu. Naapa. Mbona haniamini?"

Nilimwambia binti ana uchungu, utapita. Nikaingia wodini na uongo huo mdomoni.

Binti alifurahi kuniona. Hilo nalikumbuka kuliko ngumi. Alisogea ili nikae, akafunua kitenge kidogo nimwone mtoto, kichwa kama embe dogo, akasema amefikiri kumpa jina langu. Kisha akaniomba nimsaidie kutafuta njia ya kuvuka mpaka. Kwa mama mdogo harudi, akasema, ni heri afe kuliko kulala kwa mtu aliyemuuza.

Nilijua siku moja Buyenzi itasema, mafundi walikuwa wamesoma, jirani yangu alikuwa na mdomo. Lakini siku hiyo ingefika yeye akiwa ameshavuka, na mtoto wa siku kumi kifuani, kwenda kwa nani.

"Si mama mdogo wako," nikasema. "Ni mimi."

Hakuelewa. Nikamwambia yote, kwa mfuatano: kijitabu, Daktari, bilauri, rundo, meza ya sambusa. Sikulia, maana kulia kungekuwa kumwomba anibembeleze. Nikatoa karatasi nikamwekea juu ya shuka. Ilikuwa na alama za mafuta, na damu ya yule mtu au yangu. Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Kidole kikasimama juu kabisa, kwenye jina lake na kale kamstari kekundu.

"Ulikuwa unajua," akasema.

"Nilikuwa najua. Nyingine nilizichoma zote. Hiyo siku nilikuwa na hasira."

"Na mi siku tatu nakataa chakula ya mama mudogo."

"Ndiyo."

"Na we ulikuwa unakuja, unaona."

"Ndiyo."

Mtoto alikoroma kidogo kama paka. Wodi ilikuwa imejaa watu, wanaosha vyombo, wanasuka nywele, na hakuna aliyekuwa anatutazama.

"Inama," akasema.

Nikainama, nikidhani anataka kuninong'oneza. Akanipiga kwa mkono wake mzima, kwa nguvu zote za mwili ule, juu ya taya lenye jino lililovunjika. Maumivu yaliingia mpaka sikioni. Wodi nzima ikatugeukia. Sikuuinua mkono wangu. Ni mara ya kwanza maishani nimepigwa na mtu na sikuwaza kurudisha.

Akageukia mlango.

"Mama mudogo," akaita kwa sauti. "Leta chakula."

Mama mdogo akaingia akikimbia, bakuli mkononi, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akafungua kitambaa cha bakuli. Binti alijaribu kukaa. Kwa mkono mmoja hakuweza kumshika mtoto na kijiko pamoja. Akafungua fundo la kitenge kwa meno, akamtoa mtoto kifuani, akanisukumia.

"Shika mutoto," akaniambia. "Mi nataka kula."

Nikampokea. Hakuwa na uzito wowote. Mdomo wangu ulikuwa unavuja, nikageuza uso pembeni ili damu isimdondokee.